Mstari wa Kijani

Fomu nilizijaza mwezi wa pili:
alama za vidole kumi, picha bila tabasamu,
barua ya chifu, barua ya mwajiri,
na ada niliyoilipa huku nikimwambia Awino
kwamba muda nao ni pesa.
Kadi zikaja nne,
yangu, ya Awino, ya Egesa, ya Nabwire,
kila moja na ukanda wa kijani pembeni:
MSAFIRI MWAMINIFU.
Nikazisoma mezani kwa sauti
kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kisha, Agosti, akaja wa tano.

Jina hatukuwa tumempa.
Kwetu jina la binti hutoka kwa shangazi,
na shangazi yangu Nasirumbi aliolewa ng'ambo;
ukisimama barazani kwake unayaona
mabati ya Busia yetu.

Tulitoka Kisumu saa kumi alfajiri.
Maseno ukungu, Yala manyunyu,
Bumala mtoto akalia hadi mama yake akafungua vifungo.
Korinda malori yalikuwa yamelala barabarani,
madereva wakichemsha chai kando ya magurudumu.
Nikayapita kwa raha isiyopendeza. Nakiri.

Kwenye mstari wa kijani hapakuwa na mtu.
Afisa akahesabu kadi, akahesabu vichwa,
akarudia vichwa.
"Na huyu?"
"Ana wiki sita."
"Kadi yake?"
"Ana wiki sita, afande."
"Mstari huu ni wa walioaminiwa."

Nikamtazama huyo asiyeaminiwa.
Hajavusha hata kilo ya sukari.
Hajasema neno, seuze uongo.
Ngumi zake mbili kazifumba, ndani hamna kitu;
zikagueni.

"Jina lake?"
"Tunalifuata huko," nikasema,
nikionyesha mbele ya kizuizi.
Akaandika: Mtoto.

Awino akashuka na shali na chupa ya maji.
"Nyinyi waaminifu tangulieni."
Hakucheka. Nami,
kwa kuwa gari la nyuma lilipiga honi,
nikatangulia.

Dakika nne. Nilizipima.
Dakika nne nikawa nchi nyingine
na watoto wawili wanaouliza mama yuko wapi.
Nikawanunulia chapati za mayai. Nikabadilisha pesa.
Nikapangusa kioo cha gari. Nikakipangusa tena.
Gari likishavuka halirudi ila lianze upya,
askari alinieleza, kwa upole, mara mbili.

Akapita mtu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu,
miguu kaikunja, maboksi ya sabuni hadi kidevuni,
na yule yule afisa akamwinulia kamba:
"Omuse! Mama goti linaendeleaje?"
Kadi sikuiona.

Saa mbili na robo.
Ndipo nikamwona Shangazi Nasirumbi,
leso kiunoni, kandambili miguuni,
akitoka upande wangu kwenda ule,
amechoka kungoja barazani.
Nikaita. Honi zikaimeza sauti.
Nikapunga mkono, na mkononi
kilichokuwa kikimeremeta ni kadi.

Yaliyofuata niliyaona kupitia waya:
foleni imejikunja, Awino kamwinua mtoto,
shangazi kamtemea mate ya baraka kifuani,
na watu nisiowajua wakapiga makofi,
hata mwenye gunia la omena,
aliyelitua kwanza ili apige vizuri.

Walipotufikia, Egesa akauliza anaitwa nani.
"Nilitoka nyumbani na jina la mama yangu,"
shangazi akasema, akijipepea kwa ncha ya leso.
"Nilipomkuta pale nikaona ana lake."
Nangira. Wa njiani.

Foleni nzima ililijua jina la binti yangu
kabla yangu.

Jumapili, wakati wa kurudi,
Egesa alizishika kadi zote nne kama karata
akauliza tupite wapi.
Foleni ilikuwa imefika kwenye duka la magodoro.
Nikaingia nyuma yake,
nikazima injini.